Kumfikishia mteja intaneti juu ya ATM: mwongozo kamili wa fundi, tangu waya wa shaba hadi kikao cha PPP

Kwanza tuelewane kuhusu jina. ATM inayozungumzwa hapa haihusiani na mashine ya kutolea pesa benki. Ni namna ya kusafirisha data katika vipande vidogo vya ukubwa mmoja, iliyobuniwa na wahandisi wa simu miaka ya 1980, na ndiyo iliyoibeba ADSL, yaani intaneti ya kasi inayopita kwenye waya wa simu, ilipoenea duniani. Modemu ya ADSL, hata ile iliyojaa vumbi juu ya kabati la ofisi, huongea ATM upande wa waya wa simu, ingawa upande wa kompyuta wewe unaona kebo ya kawaida ya Etheneti.

Faiba imeshafika Mtwara na Lindi, na panapowezekana mimi nashauri faiba. Ila kuna maeneo ambayo nyaya za simu zimelala ardhini tangu zamani, chini ya zege ambalo hakuna mwenye jengo atakayekubali ulipasue: viwanja vya maghala, majengo ya zamani ya ofisi, nyumba za wafanyakazi. Hapo shaba iliyopo bado inaweza kumpa mtu intaneti ya kufanyia kazi, kama fundi anaijua kazi yake. Vijana wengi wanaoingia kwenye fani sasa wameanzia kwenye faiba na redio. Wakikutana na ATM wanabadilisha modemu mara tatu, kisha wanamwambia mteja laini ni mbovu. Nimewaandikia wao.

Mfano nitakaoufuata ni wa uwanja mmoja wa maghala na ofisi hapa Mtwara mjini: jozi 48 za shaba, DSLAM (kifaa kinachokusanya laini za DSL za wateja) moja ya mtumba yenye poti 48, na ruta ya Cisco yenye kadi ya ATM inayopokea wateja wote. Anwani na majina niliyoweka ni ya mfano tu.

Safari ya pakiti

Mteja anafungua ukurasa. Kompyuta yake inatuma pakiti ya IP kwa modemu. Modemu inaivisha pakiti hiyo kanzu ya PPP (kanuni inayofungua kikao cha mteja na kumtambulisha), juu yake kanzu ya PPPoE (PPP juu ya Etheneti), juu yake tena kanzu ya Etheneti, kisha inaifunga kwa mtindo unaoitwa AAL5, ambao huongeza mkia wa baiti 8 wenye hesabu ya kukagua makosa. Furushi lote hilo linakatwakatwa kuwa seli. Kila seli ina baiti 53: tano za kichwa na 48 za mzigo. Hiyo 48 ilitokana na maafikiano. Marekani ilitaka 64, Ulaya ikataka 32, wakakutana katikati.

Seli zinapanda waya wa shaba hadi kwenye DSLAM. DSLAM haijali kilichomo ndani. Inasoma namba mbili kwenye kichwa cha seli, inazibadilisha kwa mujibu wa jedwali lake, na kuisukuma seli kwenye njia kuu kuelekea ruta. Ruta inakusanya seli, inaunga furushi, inavua kanzu moja moja, inamuuliza mlinzi wa mlango, yaani seva ya RADIUS, kama mteja huyu anajulikana, halafu inampa anwani ya IP.

Kwa hiyo kuna tabaka tano: waya, seli na namba zake, ufungaji, PPP, na IP. Usipande tabaka la juu kabla la chini halijasimama. Kama taa ya DSL bado inapepesa, jina la mtumiaji na nywila havina kosa lolote, na kuvibadilisha ni kujiongezea tatizo la pili juu ya la kwanza.

Hatua ya kwanza: waya

Hapa pwani adui mkubwa ni chumvi. Niliwahi kufungua kisanduku cha nje Mikindani, kimefungwa ukutani upande unaotazama bahari. Mteja alikuwa anakatika kila alfajiri na kurudi jua likishapanda. Skrubu za ndani zilikuwa zimeota ganda la kijani, na nilipoigusa jozi yake kwa ncha ya kidole, waya mmoja ulikatika penye shingo ya skrubu kama biskuti. Usiku unyevu wa bahari ulikuwa ukiingia humo na kuunganisha nyaya zisizopaswa kugusana. Mchana joto likaukausha. Nilikata waya kurudi nyuma hadi nikaikuta shaba nyekundu, nikaunga kwa viunganishi vyenye jeli ndani, nikaziba matundu ya kisanduku upande wa juu na kuacha la chini lipumue. Modemu ileile iliyokuwa imehukumiwa kuwa mbovu ikakaa hewani.

Kwa hiyo kabla ya kushika kompyuta, fuata jozi kwa macho na mkono tangu chumba cha DSLAM hadi kwa mteja. Tafuta viungio vya kusokota vilivyofungwa kwa utepe wa plastiki, tafuta matawi ya zamani yasiyotumika ambayo bado yameungwa kwenye jozi, maana tawi lisilo na kitu mwishoni hurudisha mawimbi na kula kasi. Hakikisha kila kifaa cha simu kwenye laini hiyo kina filta yake. Watu hukumbuka simu ya mezani na kusahau mashine ya faksi iliyo chumba cha pili.

Kisha soma namba. Kwenye ruta ndogo ya Cisco yenye ADSL amri ni hii:

```
show dsl interface atm 0
```

Modemu nyingine zina ukurasa wa hali ya laini. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni kiasi cha mawimbi kinachopotea njiani, kwa desibeli. Kidogo ni kizuri, na ikizidi 60 usitarajie mengi. Cha pili ni nafasi iliyobaki kati ya mawimbi na kelele. Hii ikishuka chini ya 6 laini itaangukaanguka. Ikiwa 10 au zaidi, endelea na kazi kwa amani. ADSL inaanza kuchoka sana ikikaribia kilomita tano za waya. Ndani ya uwanja mmoja hufiki hata kilomita moja, kwa hiyo upotevu ukiwa mkubwa hapo usilaumu umbali. Kuna kiungio kibovu, kakitafute.

Kuhusu modemu za mtumba: angalia kibandiko cha chini. ADSL inayopita juu ya simu za kawaida hutumia aina iitwayo Annex A. Ujerumani walitumia Annex B. Modemu iliyotoka huko inaweza kuwa nzima kabisa, na bado isishikane na DSLAM yako hata ukeshe nayo.

Radi nisiiache. Uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, masika yakianza modemu hufa mara nyingi kupitia waya wa simu kuliko kupitia umeme. Weka kinga ya radi mahali waya unapoingia jengoni, na waya wake wa ardhi uwe mfupi na mnene.

Hatua ya pili: namba za njia

Njia ya kila mteja ndani ya ATM inaitwa PVC, na hutambulishwa kwa namba mbili, VPI na VCI, zinazoandikwa kwa mkwaju katikati: 0/35, kwa mfano. Ichukulie VPI kama barabara na VCI kama namba ya nyumba kwenye barabara hiyo. Upande wa mteja VPI inaanzia 0 hadi 255. VCI inafika 65535, lakini 0 hadi 31 zimetengwa kwa kazi za mtandao wenyewe, usizitumie kwa mteja.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba namba hizi zina maana kwenye kipande kimoja cha njia tu. Modemu ya mteja inasema 0/35. Modemu ya jirani yake nayo inasema 0/35. Hazigongani, kwa sababu kila moja iko kwenye waya wake. Zinapofika DSLAM na kupandishwa kwenye njia kuu moja kuelekea ruta, hapo ndipo lazima kila mteja apate namba yake pekee. Mimi natumia mpango usiohitaji kukumbuka: wateja wote ni 0/35 upande wao, na upande wa ruta poti namba moja inakuwa 1/101, poti namba mbili 1/102, mpaka poti ya 48 inayokuwa 1/148. Ukipigiwa simu kwamba poti ya saba inasumbua, mkono unaandika 1/107 bila kufungua faili.

Modemu zilizoletwa kutoka nje zina namba za kwao. Ya Uingereza mara nyingi utaikuta na 0/38, ya Ujerumani 1/32, ya Ufaransa 8/35. Taa ya DSL itawaka vizuri kabisa bila kupepesa, kwa sababu waya ni mzima, lakini hakuna kitakachopita. Hilo ndilo kosa linalopoteza muda wa mafundi kuliko yote niliyoyaona: laini nzima, nywila sahihi, na modemu inapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kupima kama seli zinapita, ruta ndogo ya Cisco upande wa mteja ina ping ya ATM yenyewe, isiyohitaji IP wala PPP:

```
ping atm interface atm 0 0 35 seg-loopback
```

Ikijibiwa, seli zinakwenda na kurudi kati ya ruta hiyo na DSLAM. Isipojibiwa usikate tamaa, kwani si kila DSLAM hujibu seli hizi za upimaji. Tumia hesabu badala yake:

```
show atm pvc 0/35
```

Angalia pakiti zilizotoka na zilizoingia. Zinazotoka zikiongezeka huku zinazoingia zimebaki sifuri, ama namba hazilingani, ama jedwali la DSLAM halijaiunganisha poti hiyo na njia kuu.

Hatua ya tatu: ufungaji

Kuna njia mbili za kuweka furushi ndani ya AAL5. Ya kwanza, LLC/SNAP, hubandika lebo ya kueleza kilichomo. Ya pili, VC-MUX, haibandiki lebo. Pande zote mbili zimeshakubaliana kwamba njia hii inabeba kitu cha aina moja. Kanuni zake ziko kwenye RFC 1483 ya mwaka 1993, iliyorithiwa na RFC 2684 ya mwaka 1999, ingawa modemu nyingi hata leo zinaandika 1483 kwenye menyu zao. Upande mmoja ukiwa LLC na mwingine VC-MUX, hakuna atakayekupa ujumbe wa kosa. Ni kimya tu.

Juu ya hapo unachagua PPPoA (PPP moja kwa moja juu ya ATM) ya RFC 2364 au PPPoE ya RFC 2516. PPPoA ina kanzu chache na inaruhusu pakiti za baiti 1500 kamili. Hata hivyo mimi huchagua PPPoE juu ya LLC. Sababu ni ya kikazi: mteja akitaka kesho kuweka ruta yake mwenyewe, unaigeuza modemu kuwa daraja na ruta yake inaanzisha kikao, na siku faiba ikifika, vikao vya PPPoE vinahamishika bila kuwagusa watumiaji. Kuna pia njia ya tatu isiyotumia PPP kabisa, ambapo mteja anapata anwani kwa DHCP, lakini kwa biashara inayohitaji kujua nani amelipa na nani hajalipa, PPP hukupunguzia kazi.

Hatua ya nne: ruta kuu

Huu ndio usanidi wa msingi wa ruta inayopokea wateja:

```
aaa new-model
aaa authentication ppp default group radius local
aaa authorization network default group radius local
aaa accounting network default start-stop group radius
aaa accounting update periodic 10
radius-server host 10.20.0.10 auth-port 1812 acct-port 1813 key SIRI-YAKO
!
bba-group pppoe MAGHALA
 virtual-template 1
 sessions per-vc limit 1
!
interface Loopback0
 ip address 10.20.0.1 255.255.255.255
!
interface Virtual-Template1
 mtu 1492
 ip unnumbered Loopback0
 ip tcp adjust-mss 1452
 peer default ip address pool WATEJA
 ppp authentication chap
!
ip local pool WATEJA 10.20.1.1 10.20.1.60
!
interface ATM1/0
 no ip address
!
interface ATM1/0.1 multipoint
 range pvc 1/101 1/148
  encapsulation aal5snap
  protocol pppoe group MAGHALA
```

Isome kutoka chini kwenda juu, kama pakiti inavyosafiri. Mstari wa `range` unafungua njia 48 kwa mkupuo mmoja, badala ya kuziandika moja moja na kukosea ya thelathini na ngapi. Kila njia inapokea PPPoE na kuikabidhi kwa kundi la MAGHALA. Kundi hilo linatumia kiolezo, `Virtual-Template1`. Kila mteja anapoingia, ruta inanakili kiolezo hicho na kumtengenezea kiolesura chake. Ndiyo maana kosa moja ndani ya kiolezo linawagusa watu 48 kwa wakati mmoja. Ukikihariri, fanya hivyo usiku, na ujue kwamba vikao vitaanguka na kurudi.

Ukomo wa kikao kimoja kwa kila njia si ubahili. Bila huo, mtu mmoja mwenye modemu katika hali ya daraja na swichi nyuma yake anaweza kufungua vikao vingi na kumaliza anwani za jirani zake.

Kwenye RADIUS kuna mitego miwili. Wa kwanza ni namba za milango: ruta za Cisco za toleo la zamani, usipoziambia, hutumia 1645 na 1646, wakati seva nyingi za RADIUS husikiliza 1812 na 1813. Ndiyo maana nimeziandika wazi hapo juu. Wa pili ni mgumu kuugundua. CHAP, njia ya kumthibitisha mteja, haitumi nywila kwenye waya, inatuma hesabu iliyofanywa kwa nywila hiyo, kwa hiyo seva lazima iwe na nywila katika hali ya kusomeka ili ifanye hesabu ileile na kulinganisha. Ukihifadhi nywila zikiwa zimesagwa kwa MD5 au crypt, CHAP itakataa kila mtu huku PAP, inayotuma nywila yenyewe, ikikubali. Chagua kimoja kwa kujua, na kama unahifadhi nywila wazi basi seva hiyo ifungie isiguswe na mtu asiyehusika.

Hatua ya tano: upande wa mteja

Kwa mteja mwenye ruta ndogo ya Cisco yenye ADSL ndani:

```
interface ATM0
 no ip address
 dsl operating-mode auto
!
interface ATM0.1 point-to-point
 pvc 0/35
  encapsulation aal5snap
  pppoe-client dial-pool-number 1
!
interface Vlan1
 ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
 ip nat inside
 ip tcp adjust-mss 1452
!
interface Dialer1
 ip address negotiated
 ip mtu 1492
 ip nat outside
 encapsulation ppp
 dialer pool 1
 ppp authentication chap callin
 ppp chap hostname ghala07
 ppp chap password NYWILA
!
access-list 1 permit 192.168.10.0 0.0.0.255
ip nat inside source list 1 interface Dialer1 overload
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 Dialer1
```

Neno `callin` usilisahau. Bila hilo, ruta ya mteja nayo itaitaka ruta kuu ijitambulishe, ruta kuu haitajibu inavyotakiwa, na kikao kitavunjika kila sekunde chache.

Kwa modemu ya kawaida yenye kurasa za kubofya, mambo ni yaleyale kwa majina mengine: VPI 0, VCI 35, ufungaji LLC, aina PPPoE, jina, nywila, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 1492.

Kikao kikianza kuna hodi nne: mteja anatangaza PADI, ruta inajibu PADO, mteja anaomba PADR, ruta inakubali kwa PADS. Ukiona PADI zinatoka mfululizo bila jibu, rudi hatua ya pili na ya tatu; hujafika bado kwenye PPP. Ukiipata PADS lakini kikao kikafa, washa `debug ppp negotiation` na `debug ppp authentication`, usome ni wapi kimekwamia. Kikikwama kwenye LCP, pande mbili hazijakubaliana masharti. Kikikwama kwenye CHAP, ni jina au nywila. Kikikwama kwenye IPCP, angalia kama bwawa la anwani limekauka. Ukimaliza, zima uchunguzi kwa `undebug all`, hasa kwenye ruta kuu.

Pakiti zinazokwama

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe na watu waliumia.

Ilikuwa msimu wa korosho, maghala yamejaa, magari yamepanga foleni. Mama mhasibu wa ofisi moja akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtandao wako una nini? WhatsApp inaingia, Google inafunguka, lakini mfumo wa malipo unazunguka tu. Wakulima wako hapa nje tangu asubuhi."

Nilimwambia tatizo ni la mfumo huo, kwa sababu kwangu kila kitu kilionyesha kijani. Siku ya pili alinipigia tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikaenda. Niliketi kwenye kiti chake, nikafungua dirisha jeusi la Windows na kuandika:

```
ping -f -l 1464 8.8.8.8
```

Ikajibu. Nikabadilisha 1464 kuwa 1465. Ikakataa. Hapo nikaelewa, na nilisikia uzito kifuani.

Pakiti ya kawaida ya Etheneti ina baiti 1500. PPPoE inachukua 6 na PPP inachukua 2, zinabaki 1492. Ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata ile 1464 ya ping. Kompyuta ya ofisini haijui habari hizi. Inaiambia seva ya mbali kwamba iko tayari kupokea pakiti za ukubwa wa kawaida. Seva inatuma 1500, ikiwa na alama ya kukataza kukatwa. Ruta kuu inashindwa kuipitisha, inairudishia seva ujumbe wa ICMP kwamba punguza. Kama ukuta wa moto wa upande ule unatupa jumbe za ICMP, seva haisikii chochote na inaendelea kutuma pakiti zilezile zisizopita. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unapita kwa kuwa ni mdogo, na tovuti kubwa nyingi zimejikinga na tatizo hili. Fomu nzito ya malipo ndiyo inayokwama.

Mimi nilikuwa nimenakili usanidi wa eneo la PPPoA, ambako 1500 inafaa, na mstari wa `ip tcp adjust-mss 1452` haukuwemo popote. Mstari huo unaingilia mazungumzo ya mwanzo ya TCP na kuziambia pande zote mbili zisizidi 1452, yaani 1492 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP. Nilipouandika, fomu ikafunguka kabla sijanyanyuka kitini. Siku mbili za watu zilipotea kwa mstari mmoja. Tangu siku hiyo naupima kila mteja mpya kwa 1464 na 1465 kabla sijakusanya vifaa vyangu, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Kasi unayouza na kasi anayoiona

Mteja akikuambia amelipia megabiti mbili na kipimo kinaonyesha moja nukta nane, usimwite mkorofi. Piga hesabu pamoja naye. Pakiti ya 1492, ongeza 8 za PPP na PPPoE, 14 za Etheneti, 10 za lebo ya LLC, na 8 za mkia wa AAL5: jumla 1532. Inahitaji seli 32. Seli 32 mara 53 ni baiti 1696 kwenye waya. Kwa hiyo asilimia 88 tu ndiyo mali ya mteja, na laini iliyoshikana kwa kilobiti 2048 kwa sekunde itampa kama 1800. Pakiti ndogo ya kuthibitisha mapokezi, ya baiti 40, inakuwa 80 ikishavikwa kanzu zote, inakula seli mbili, baiti 106. Ukigawa kasi kwenye PVC kwa amri ya `ubr`, kumbuka ruta inahesabu seli pamoja na vichwa vyake. Ukiandika 1024 mteja ataona karibu 900. Ongeza mapema.

Na usiache njia kuu ijae hadi DSLAM ianze kutupa seli. Pakiti kubwa ni seli 32, na ikipotea moja, zote zinatupwa, maana hesabu ya AAL5 haitakubali. Ukipoteza seli moja katika kila mia bila mpangilio, zaidi ya robo ya pakiti kubwa zinaharibika. Ni afadhali kuwabana wateja kwenye ruta kwa utaratibu kuliko kuiacha DSLAM itupe inavyotaka.

Umeme ukirudi

Umeme ukikatika uwanja mzima, modemu zinakufa bila kuaga. Kwa kawaida mteja anayeondoka hutuma PADT. Modemu iliyozimika haitumi. Ruta kuu inabaki inaamini kikao kipo, mpaka ijaribu kumwita mteja na kukosa jibu mara kadhaa. Kwa mpangilio wa kawaida wa Cisco, wito hutumwa kila sekunde 10, na baada ya wito tano bila jibu kikao hufungwa. Usiongeze muda huo kwa nia ya kuipumzisha ruta. Ukiufanya dakika tano, na umeweka kikao kimoja kwa kila njia, wateja watarudi hewani na kukuta mlango umefungwa na vivuli vyao wenyewe.

Kivuli kingine hubaki kwenye RADIUS. Kama seva nayo ilizimika, au ruta haikuwahi kutuma taarifa ya mwisho, rekodi ya mteja inabaki wazi, na seva iliyoambiwa iruhusu kikao kimoja tu itamkataa. Mteja ataona nywila imekosewa. Ndiyo kazi ya `aaa accounting update periodic 10` kule juu: ruta inatoa habari za kila kikao kila dakika 10, na wewe unaandika kazi ndogo kwenye seva ya kufunga rekodi yoyote iliyokaa kimya kwa nusu saa. DSLAM, ruta kuu na seva ya RADIUS ziwe kwenye betri moja, zisizime kwa kupokezana.

Umeme ukisharudi, nasubiri dakika tano, kisha naandika amri mbili kwenye ruta kuu:

```
show pppoe session
show atm pvc
```

Mkononi nina daftari la jalada gumu. Kila mstari una poti, jozi ya waya, namba ya njia, jina la mteja, desibeli mbili nilizozisoma siku ya kufunga, na tarehe. Nalinganisha. Aliyekosekana kwenye vikao lakini pakiti zake zinaongezeka kwenye njia, nakwenda kuangalia RADIUS. Ambaye njia yake ni kimya kabisa, nachukua bisibisi na viunganishi vya jeli, natoka kwenda kwenye kisanduku chake.